Santuri ya Watu Wawili

Nitegulieni hiki kabla chai haijapoa: natembea kutwa kwenye njia ya mviringo, sifiki kokote, lakini kila ninapopita watu wananyanyuka na kucheza. Mimi nani?

Si tairi la baiskeli. Si mbuzi aliyefungwa kambani, ingawa hapo mmekaribia. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimekwenda Kamachumu, nimekula senene wa kukaanga, nimelala pazuri, nimerudi na jibu langu: ni sindano ya gramafoni.

Basi palikuwa na wanaume wawili waliozunguka na sindano hiyo miaka na miaka, na mwanamke mmoja aliyewapikia. Mwanamke huyo ni Joviana. Mumewe, Anatory Ishengoma, alikuwa na migomba na kahawa yake karibu na Rubya, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Rafiki wa mumewe, Gamaliel Kagaruki, alikuwa fundi cherehani wa Kitendaguro, kule Bukoba mjini, Mluteri wa kuimba besi kwenye kwaya. Asubuhi ya Jumapili dini iliwatenga. Mchana jazi iliwakutanisha. Nao waliita jazi kila bendi yenye gitaa na tarumbeta, iwe ya Tabora, ya Nairobi au ya Kongo, na ole wako uwasahihishe.

Walikusanya santuri kama wengine wanavyokusanya ng'ombe, na kama ng'ombe walizijua kwa alama, yaani lebo, ile karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati. Ilikuwepo lebo ya Taa, ya manjano. Ilikuwepo Ndege Watatu, ya bluu. Lakini mfalme wa lebo zote alikuwa Mamba, ya Nairobi: karatasi ya kijani, na mamba amevaa kofia. Anatory alidai anaweza kuitambua Mamba kwa ule mkwaruzo tu wa sindano kabla wimbo haujaanza. Gamaliel alidai yeye haihitaji hata sindano. Anainusa.

Mwaka wa sitini na tano, katika duka moja la Bukoba, ilibaki santuri moja tu ya Mamba ya bendi ya Nyota Tisa Jazz. Mikono miwili iliishika kwa pamoja, mmoja huku, mwingine kule. Hawakuwa wakijuana. Hakuna aliyeachia, mpaka mwenye duka akataka kufunga, na wao wakaona heri wachange. Anatory akawa mwenye upande wa kwanza, wimbo wa harusi unaokwenda mbio. Gamaliel akawa mwenye upande wa pili, wimbo wa polepole wa mtu aliyeachwa stesheni na mchumba wake. Tangu hapo santuri ikawa inalala mwezi mmoja Rubya, mwezi mmoja Kitendaguro, ikisafiri kwa basi imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto. Azimio la Arusha lilipotangazwa na watu wakafundishwa ujamaa, Gamaliel alitikisa kichwa. "Sisi tulianza zamani," alisema. "Serikali imetuiga tu."

Mara moja tu waligombana. Anatory aliona mchubuko kwenye upande wa kwanza, akasema Gamaliel amecheza na sindano kuukuu. Gamaliel akasema mchubuko ni wa kuku wa Anatory. Mwaka mzima hawakutembeleana, na santuri ikawekwa kwa katekista kama mtoto wa ndoa iliyovunjika. Joviana hakuusahau mwaka ule. Watoto wake walikwisha kuolewa na kuoa, na kicheko pekee kilichobaki katika nyumba ile kilikuwa kile kilichoshuka kwenye basi Jumapili. Mwaka ule Anatory alikula akitazama ukuta.

Sasa tuje mwezi wa sita, mwaka wa sabini na mbili. Masika yalikuwa yamekwisha, na nyinyi mnaijua mvua ya kwetu: hata viatu vya harusi vinaota ukungu. Jumamosi Anatory alikwenda Muleba kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Joviana akafungua sanduku la bati la santuri, akakuta ukungu umetambaa kwenye bahasha. Akazitoa santuri zote, akaziosha moja moja kwa sabuni na kitambaa laini, akaziegemeza ukutani kivulini. Ile ya Mamba, kwa kuwa ndiyo mwana mpendwa, hakuiacha kivulini. Aliipa jua. Akafanya kama mama yake alivyomfundisha kukausha kitu kizuri: akapindua kikapu kidogo kifudifudi, akailaza juu ya kitako chake, hewa ipite chini, katikati ya mkeka wa kahawa penye jua zuri kuliko pote.

Ngoma ya shamba la kijiji ikalia. Siku ile ilikuwa zamu ya kupalilia maharage ya wote, na balozi wa nyumba kumi aliita majina. Joviana akachukua jembe akaenda. Aliporudi, saa saba mchana, kahawa ilikuwa imekauka vizuri sana, na Mamba alikuwa ameinama pande zote, amekikumbatia kikapu kama kuku juu ya mayai.

Akaigeuza. Lilikuwa bakuli. Bakuli zuri, kusema kweli, lakini bakuli.

Akaibonyeza kwa kiganja, ikarudi. Akaiwekea jiwe la kusagia, akaogopa itapasuka. Anatory alirudi amechoka, hakufungua sanduku. Joviana akajiambia atasema kesho, Gamaliel akishakula. Mtu akishiba moyo wake hupanuka.

Jumapili baada ya Misa akajaribu mara ya mwisho. Jua ndilo lililoikunja, basi jua liikunjue. Akaiweka tena juani, mara hii ndani ya kikapu, akaijaza kahawa ya kutafuna ili uzito wa punje uitandaze taratibu. Kwanza alikata kipande cha jani la mgomba, akakitandika ndani kuziba tundu la katikati na kumfunika mamba na kofia yake. Alikuwa bado ameinama aliposikia sauti mbili zinakuja.

"Lori la Kemondo!" Gamaliel alikuwa anapiga kelele. "Nimepanda na samaki, nimefika kabla ya basi! Mulamu wangu yuko wapi?" Mulamu ndilo shemeji la Kihaya, na Gamaliel alilitamka kama wimbo.

Joviana akanyanyuka na kikapu mkononi.

"Aa!" Anatory akasema. "Umetuwahi. Na akamwani kako tayari." Akakichukua kikapu mkononi mwa mkewe, maana mgeni wa Kihaya hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa habari, akakiweka miguuni pa mgeni wake.

Joviana alibaki amenyoosha mikono mitupu.

Gamaliel akatia punje mbili mdomoni, akamkabidhi mwenyeji wake samaki waliokaushwa, akaketi. "Mulamu, mimi leo sikai sana. Zamu yangu imefika. Santuri yetu iko wapi?"

"Karibu kwanza," Joviana akasema. "Utaulizaje habari za mtoto kabla ya habari za wazazi?"

"Umesikia?" Anatory akacheka. "Tafuna kwanza. Gramafoni yenyewe imekufa. Betri hakuna, duka la kijiji lina majembe na chumvi."

"Na kwetu vilevile. Sikuja kuicheza, nimekuja kuipokea." Gamaliel akachota tena, kisha akakiinamia kikapu. "Kibakuli hiki kipya. Kimetoka wapi?"

"Nairobi," Joviana akasema, na hakusema uongo.

"Nilijua! Tazama ukingo wake, Anatory. Tazama mistari ilivyochongwa. Myembamba, sawasawa, yote inazunguka. Mashine hiyo. Mkono wa mtu hauwezi."

Anatory akapitisha ukucha kwenye ukingo. "Kazi safi," akakubali. "Ingawa ni cheusi mno kwa chombo cha kulia."

Joviana akakimbilia jikoni. Alichochea moto, akamenya ndizi asizohitaji, masikio yake yamebaki barazani. Mle barazani wanaume walikwisha kuingia kwenye vita vyao. Anatory alisema Ndege Watatu walikuwa na wapiga gitaa bora, ila walirekodi chumbani mwenye mbwa, na kwenye santuri yao moja mbwa yule anasikika. Gamaliel akasema mbwa yule ndiye mwanamuziki pekee wa Ndege Watatu aliyejua wakati wa kuingia. Anatory akasema, "Nyinyi Waluteri mmezoea sauti nne, mkisikia wanne wanabishana mnadhani ni wimbo." Gamaliel akajibu, "Na nyinyi mliimba Kilatini miaka sabini bila kujua mnasema nini, leo unanifundisha maneno ya wimbo!"

"Leta pua yako basi!" Anatory akasema. Akamfunga macho kwa leso, akamletea santuri kutoka sandukuni, moja baada ya nyingine, puani.

"Taa," Gamaliel akasema. "Hii Ndege Watatu. Hii... hii inanuka sabuni."

"Nilizifuta ukungu," Joviana akaita kutoka jikoni, na sauti yake ikawa nyembamba.

"Mungu akubariki, mulamu." Gamaliel akapapasa kikapu, akachota punje, akasimamisha mkono njiani. Akanusa. Akanusa tena. "Anatory. Nasikia Mamba."

"Sijakuletea Mamba."

"Nakwambia nasikia Mamba! Ananukia kabisa. Yumo humu kwenye kahawa!"

Anatory alicheka mpaka akajishika mbavu. "Pua imelewa! Mamba kwenye kahawa! Kesho utamsikia kwenye ugoro!"

Gamaliel naye akavuta leso, akacheka, akatafuna.

Wakala. Ndizi zilikuwa nyingi kuliko watu, na samaki wa Kemondo hakubaki hata mwiba. Gamaliel akanawa mikono, akajinyoosha, akauliza mara ya pili: "Haya, mulamu. Wazazi hawajambo, nimekula. Mtoto yuko wapi?"

Joviana alifungua mdomo. Akamtazama mumewe, aliyekuwa anatabasamu bila sababu kama mtu anayepigwa na jua la asubuhi, akauona ule mwaka wa ukuta unarudi na kuketi naye mezani.

"Mwimbieni kwanza," akasema. "Kama betri hakuna, midomo ipo. Mtoto aende kwake akiwa ameimbiwa."

Hawakuhitaji kubembelezwa. Anatory akaanza upande wa kwanza: tarumbeta kwa midomo, ngoma kwa vidole juu ya meza, na pale mwimbaji anapokohoa kabla ya ubeti wa pili, naye akakohoa. Gamaliel akaingia na besi ya kwaya mpaka vikombe vikatetemeka. Joviana alikuwa amesimama mlangoni, mguu wake ukacheza bila ruhusa. Kisha Gamaliel akageuza mkono hewani, kama mtu anayegeuza santuri, akaanza upande wa pili. Mtu yule wa stesheni akaachwa tena. Hata ule mchubuko waliuimba: mahali sindano inaporuka, wote wawili wakaruka pamoja, wakaangua kicheko.

"Umeona?" Gamaliel akasema akipangusa macho. "Hakuna noti iliyopotea. Mke wangu Alistidia anasema tangu betri ziadimike ninaimba kuliko santuri." Akamgeukia mwenyeji wake. "Nikwambie kitu, Anatory, na usinicheke. Mwaka ule wa sindano, nilikuwa nakaa pale cherehani naimba upande wa pili. Nikimaliza nangoja mtu aanze wa kwanza. Hakuna. Nusu ya wimbo, mzee wangu, ni njaa."

"Alikuwa kuku wangu," Anatory akasema.

"Nini?"

"Mchubuko. Nilimwona mwenyewe, amesimama juu ya santuri. Jogoo. Nikaona aibu kusema."

Gamaliel akamkodolea macho. "Mwaka mzima, Anatory?"

"Nilimla Krismasi ile. Hakuwa mtamu."

Kisha Gamaliel akapiga paja, akacheka kile kicheko kinachoshuka kwenye basi kabla yake, na Anatory akacheka kwa kuwa amesamehewa, na Joviana akaona kwamba mlango umefunguka, na asipopita sasa utajifunga. Akaja akaketi nao. Hakuwa amewahi kuketi nao.

"Saa za basi," Gamaliel akasema. Akainama kuchota punje za mwisho za safari. Zilikuwa zimebaki tatu juu ya jani. "Mara ya tatu nauliza, mulamu, na mara ya tatu mtu hujibiwa hata mahakamani. Santuri yetu iko wapi?"

Joviana akaweka mikono mapajani.

"Shemeji yangu," akasema, "nilitaka kuikausha, nikaipa jua kupita kiasi, na tangu ulipofika mnailia kahawa. Inua hilo jani."