King'ora Kisicholia

King'ora cha bwawa kilipolia, mpima konokono alitarajia kuona watu wakitoka mtoni. Badala yake waliingia mbio.

Walichomoka majumbani na ndoo, madumu, masufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto, wakateremka ukingoni wakipigana vikumbo. Yeye alisimama darajani mdomo wazi. Ofisi ya bwawa iliweka king'ora kile ili kuwaonya watu kwamba maji yanafunguliwa wakae mbali. Lakini watu walishajua kwamba maji yakifunguliwa mto hugeuka tope kutwa nzima, kwa hiyo kwao king'ora kilikuwa na maana moja tu: choteni upesi kabla hayajachafuka. Ofisini hakuna aliyewahi kushuka kuliona hilo, na yeye pia hakuwahi.

Alimpigia simu mumewe, fundi wa milango ya bwawa.

"Funga! Mto umejaa watu!"

"Ndiyo kwanza nimeugusa mlango wa kwanza."

"Funga, baba watoto, nakuomba!"

Mlango ukafungwa. Watu wakajaza vyombo vyao, wakasubiri tope, tope halikuja, wakarudi majumbani wakikisema king'ora kwamba nacho kimeanza uongo.

Yeye hakuwa na hamu ya kucheka. Tangu mafuriko yalijaze bwawa, meneja aliyaacha maji yajae pomoni ili umeme usipungue. Pembezoni, kwenye maji ya kina kifupi, majani yaliota, na humo konokono wa kichocho wakazaana utadhani wanalipwa. Kazi yake ilikuwa kuwachota kwa chujio lenye mpini mrefu, kuwaweka kwenye glasi ya maji, kuzianika glasi mwangani na kuangalia kwenye hadubini kama wanatoa minyoo. Siku hizi karibu kila glasi ilikuwa na minyoo. Kisha asubuhi moja mwanawe wa kiume, anayeogelea bwawani na wenzake, akamwita kutoka chooni kwa sauti ndogo. Mkojo ulikuwa mwekundu. Dawa alimeza, akapona, lakini bwawa lilikuwa lile lile na watoto ni watoto. Mama mtu alikasirika mpaka usingizi ukamruka.

Dawa ya konokono ilikuwa moja: kuyashusha maji ghafla, wabaki juu ya tope, jua liwamalize. Meneja alikataa, akabembelezwa, mwishowe akakubali nusu nusu. Leo mitambo ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Leo tu, tena kabla ya mchana. Kesho asimsikie mtu.

Simu ikalia. Mumewe alizungumza kwa sauti ya chini.

"Nikikipiga king'ora tena, si wataingia tena?"

"Wataingia."

"Basi tusikipige."

Milango haikufunguliwa kamwe bila king'ora. Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi ya mumewe.

"Akizama mtu nitafungwa," mumewe alisema. "Na hata nisipofungwa, sijui nitalalaje."

"Nitapita ukingoni mwenyewe. Nikikwambia fungua, ndipo ufungue."

Alipita ukingo wote, kutoka darajani hadi kwenye kona ya mto, akichungulia kila kichaka na kuita. Hapakuwa na mtu. Watu walikuwa wameshachota, na ukingo ulikuwa mtupu. Akapiga simu, akasema fungua.

Alikuwa akirudi darajani alipomwona mama mkwe wake. Mzee alikuwa ameshuka kwa njia ya nyuma ya nyumba yake, akasimama katikati ya mto, maji magotini, akisuuza shuka.

"Mama! Toka! Maji yanakuja!"

"Yanatoka wapi?" Mzee hakugeuka hata kidogo. "King'ora hakijalia."

"Yamefunguliwa, mama! Toka!"

"Mwanangu ndiye yuko kwenye zamu leo. Mwanangu hawezi kufungua bila king'ora. Niache nimalize shuka langu, mkwe."

Huko juu kulisikika mvumo. Kumpigia mumewe hakungesaidia tena, maji yalikuwa njiani. Aliitupa simu kwenye majani, akaingia mbio, yeye aliyekuwa akiwakataza watu wote kuingia. Alipomfikia mzee, maji yalishawafika mapajani. Alimshika mkono, mzee akaling'ang'ania shuka kwa mkono mwingine, wakavutana kama watoto wanaogombea mwanasesere. Kisha wimbi likaja. Shuka likaenda zake. Waliserereka, wakapiga magoti, wakaamka, wakashika mizizi, wakajiburura hadi juu na kulala kifudifudi wakihema. Chini yao mto ulipita mwekundu wa udongo, ukiwa na vigogo ndani yake.

Mzee alikaa.

"Ni yeye kafungua?"

"Ni sisi wawili, mama. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Bila king'ora."

"Kwa ajili ya mjukuu wako. Nisamehe. Nilipita ukingo wote, sikukuona."

Kwenye majani simu ikaanza kulia. Mpima konokono aliiokota, na sauti ya mumewe ikatoka kwa nguvu hata mzee akaisikia.

"Yanashuka! Majani yote yako nje, konokono wametapakaa kwenye tope! Huko vipi? Kuna mtu? Niambie, kuna mtu aliingia?"

Mama mkwe akanyoosha mkono uliojaa matope, akaichukua simu.

"Ni mimi mama yako," alisema, sauti kavu, imetulia. "Nilikuwa ndani napika, nikatoka kutazama. Mto hauna mtu. Fungua tu, mwanangu."

Akakata simu, akamrudishia mkwewe, kisha akaanza kukamua nguo zake zilizolowa.