Mbuzi wa Kumrudisha Masalu

Habari hii nilisimuliwa na Odeta, jirani yangu wa hapa Pasiansi, Jumapili iliyopita tukiwa uani kwangu tunachambua dagaa. Alikuwa amekuja kuazima ungo tu. Hakuondoka mpaka jua lilipoinama, na ungo wenyewe akausahau.

Mwanawe Masalu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, chumba cha mabondo. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Wageni wanakinunua kwa bei inayomshinda sangara mwenyewe, kwa hiyo wanaokitoa hulindwa kama wafungwa. Siku moja wakati wa kutoka, msimamizi wao, Chenge, alikuta bondo ndani ya gambuti lililotundikwa kwenye msumari wa Masalu. Sasa, magambuti ya pale yote ni meupe, yote ukuta mmoja, na mtu mwenye haraka huvaa lolote linalomtosha na kulirudisha popote. Masalu alisema hivyo. Nani amsikilize? Alifukuzwa siku ileile, akarudi nyumbani kwa miguu, kofia ya kazini bado ikiwa kichwani.

Alipeleka shauri kwenye usuluhishi wa kazi. Likaahirishwa, likaahirishwa tena, mahindi yakapandwa yakavunwa. Mwishowe Chenge akaulizwa: nani alimwona akiliweka bondo mle? Hakuna. Gambuti hilo lilivaliwa na nani siku hiyo? Hajui. Ikaamuliwa kwamba kosa halikuthibitishwa, kijana arudishwe kazini kwake kama zamani.

"Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka," Odeta aliniambia.

Kwao ni Nansio, kisiwani. Kwa wazee wake, mtu aliyetoka kwenye balaa hulishwa pamoja na wale waliomwepuka. Wakishanawa maji mamoja na kumega sinia moja, basi, limekwisha. Atakayelirudia neno lile, aibu ni yake. Odeta akampigia simu kaka yake, naye akavuka na kivuko akiwa na mbuzi dume.

"Dada, usiwapimie," kaka alisema. "Wale mpaka wasahau."

Masalu hakutaka. "Mama, ngoja kwanza niwaone walivyo. Siku mbili tatu tu."

"Kinachorudisha watu ni chakula, baba, si kungoja."

Siku ileile ya kwanza ya kurudi kazini, mchana, Odeta akapakia sufuria kwenye bajaji, na ugali wa muhogo, na birika la kunawia. Nje ya geti la kiwanda kuna banda wanapokula wafanyakazi. Masalu alikuwa amekaa na wenzake, kwenye benchi moja.

"Shikamoo mama," wakamwamkia wote, vizuri tu.

"Marahaba wanangu. Naweni. Leo mnakula na ndugu yenu."

Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja, Winnie, msichana wa meza ya minofu mwenye mdomo mwepesi, akafunua sufuria, akachungulia.

"Mh! Huyu ni mbuzi mzima?"

"Mzima, mwanangu. Usiogope."

"Mtu hana kazi tangu masika, na anachinja mbuzi mzima?" Akawageukia wenzake. "Jamani, bondo limeota pembe!"

Banda zima likaangua kicheko. Odeta akasema mbuzi ametoka Nansio, kwa mjomba wa kijana, na tiketi ya kivuko wakitaka atawaonyesha. Akazidi kueleza, nao wakazidi kucheka.

Alikuwepo Alexander, rafiki wa Masalu, aliyekuwa akila naye miaka yote kabla ya balaa. Huyu alinyanyuka. Akanyoosha mikono, Odeta akammiminia maji. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Kula, kula. Na Chenge anatazama." Alexander alibaki ameinama, maji yanamdondoka vidoleni. Kisha akajifutia kwenye suruali.

"Mama, samahani. Nimeacha kazi mezani."

Akaenda. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu, "Asante mama, tumeshiba." Masalu alikula peke yake, mbele ya mama yake, akameza kila tonge kama dawa.

Nyama iliyobaki Odeta aliigawa kwa majirani. Mimi nililetewa bakuli, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana.

Masalu alirudi jua likiwa bado juu ya ziwa. Mshahara uleule, cheo kilekile, lakini baada ya chakula Chenge alimtoa chumba cha mabondo, akamweka nje kuosha makreti.

"Si walisema kama zamani?" mama akauliza.

"Walisema. Chenge anasema wenzangu hawataki kusimama karibu yangu. Kikipotea kitu, wataitwa wao."

"Basi acha kazi, baba. Mjomba wako ana shamba."

"Nikiacha, nimekiri. Nitakwenda kesho, na kesho kutwa." Kisha akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Odeta: "Asubuhi walinisalimia, mama. Alexander alinishika mkono. Walikuwa bado hawajaamua."

"Nitakwenda niwaeleze vizuri."

"Usiende. Umeshakwenda."

Akajilaza kwenye mkeka na nguo zake za kazi, akageukia ukuta, na usingizi ukamchukua mara moja, kama mtu aliyepigwa. Odeta akamvua soksi. Akalifua koti lake jeupe la kazini, alilokuwa amelivua mlangoni, akalianika ndani karibu na mlango lipate kukauka. Alijitupa kitandani akijua hatasinzia, lakini mwili una mambo yake: majirani walikuwa bado wanasikiliza redio, naye akalala.