Ndege wa Solfrid

Mzee Embrik alimaliza kahawa yake, akapangusa ndevu, akaanza kutafuta kofia. Gudveig, binti yake mkubwa, alikuwa amempa mgongo akiosha vikombe, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye ile kofia.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kwa mdogo wako. Kuangalia ndege."

"Hata hapa ndege wapo."

Mzee akatazama nje kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto asiyemjua. "Wapo," akasema. "Yule mmoja pale." Kisha akatoka zake.

Hapo ndipo roho ya Gudveig ilipokuwa ikiuma kila asubuhi tangu theluji ilipoanza kuanguka. Baada ya mama yao kufa, nani alimchukua baba nyumbani kwake? Yeye. Nani alimpikia, akamkata kucha, akagombana na daktari mpaka dawa zikabadilishwa? Yeye. Solfrid alikuwa wapi? Solfrid alikuja kiangazi kilichopita, baada ya kuachana na mumewe, akapanga nyumba ya jirani, akaingiza maboksi ambayo mpaka leo hajayafungua. Akatundika kibanda cha kulishia ndege kwenye mti wake wa matunda mekundu, tena kwa kamba ya kiatu. Ndege wote wa mtaa wakahamia kwake, na baba akawafuata.

Msidhani Gudveig alikaa akafunga mikono. Alinunua kibanda chenye paa la shaba. Akakijaza alizeti, karanga na mipira ya shahamu, akawa anakiosha kwa maji ya moto kila Jumamosi. Hata ule msonobari mkubwa uliokuwa ukiziba dirisha aliukata, ili baba aone vizuri. Sasa ndege mdogo hapendi kula mahali peupe, maana mwewe akitokea hana pa kujificha. Wilaya nzima ya Toten wanalijua hilo, na Gudveig alilijua pia, ila alilikumbuka msumeno ukiwa umekwisha kupita.

Krismasi ilipokaribia akanunua mganda wa shayiri, mnene, wenye utepe mwekundu, akauinua juu ya mlingoti mrefu aliousimika uani. Kwao hakuna nyumba inayokula Krismasi kabla ndege hawajawekewa mganda wao. Na wazee hutazama: ndege wakijaa, mwaka utakuwa wa neema, wasipokuja, aliyeufunga mganda hatauona mwaka ukiisha.

Baba aliutazama kwa muda. "Mzuri. Umeufunga mwenyewe?"

"Nimeununua."

"Aa," alisema baba, akatafuta kofia.

Siku hiyo hiyo Gudveig alikwenda kwa Solfrid kurudisha sufuria. Hakufika mlangoni. Kupitia dirisha la jikoni alimwona baba ameketi katikati ya mabua ya shayiri yaliyozagaa sakafu nzima, anafunga mganda juu ya goti, kamba ameibana kwa meno. Mganda wenyewe ulikuwa umepinda kama mgongo wake. Solfrid alisema neno, na baba akacheka mpaka kamba ikamtoka mdomoni. Gudveig alisimama na sufuria yake kwenye baridi. Kwake baba hakuwa amecheka hivyo tangu lini, hata hakumbuki. Akageuka, akarudi nyumbani na sufuria ya watu mkononi.

Mchana wa kuamkia mkesha wa Krismasi alikuwa akiandaa samaki. Ngozi zilibaki kwenye beseni, na nyumba ya tatu kulikuwa na Mons, paka wa jirani yao Konrad, mwenye kichwa kama kabichi na tumbo lisilojua kushiba. Hakupanga sana. Giza lilipoingia akavuka uani na beseni lake, akazitupa zile ngozi chini ya mti wa Solfrid, akazifunika na theluji kidogo kwa ncha ya kiatu. Alirudi akanawa mikono mara mbili.

Kesho yake baba alivaa suti, akaenda kuutundika mganda wake. Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi. Gudveig alipoisikia hatua yake kibarazani, furaha ilimpanda mpaka akaona haya.

"Umerudi mapema, baba."

"Hakuna cha kuangalia."

"Ndege hawakuja?"

"Hata shomoro." Akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, kile alichowekewa mto mgongoni, lakini nje hakutazama. Alikuwa akiitazama mikono yake. "Ule mganda nimeufunga mimi, Gudveig, na wameukataa. Si neno. Miaka themanini na nane si haba. Saa ya ukutani mpe mdogo wako, hana saa. Wewe chukua vitu vya mama yako vyote."

"Hizo ni imani za wazee tu, baba."

"Na mimi ni kijana?"

Alisema bila kujihurumia, na hilo ndilo lililomkata Gudveig maini. Alikuwa amempata baba nyumbani kwa siku nzima, kama alivyotaka, na baba alikuwa akigawa urithi. Uji wa mchele uliungua jikoni akiwa amesimama mbele ya baba na mwiko mkononi. Akauepua, akachukua ndoo na koleo, akatoka bila koti.

Mons alikuwa amelala chini ya ule mganda, ameshiba, anajilamba. Gudveig alimtimua kwa koleo, akapiga magoti, akaanza kuchimbua ngozi moja moja kwenye theluji.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," sauti ilisema. Solfrid alikuwa mlangoni, koti juu ya nguo ya kulalia, kikombe mkononi. "Lakini mvungu wenyewe ni wangu, dada."

"Nyamaza, uje unisaidie."

"Nilidhani ni mbweha anayeniletea samaki. Kumbe mbweha wa nyumbani."

"Umemteka baba."

"Nimemteka na nini? Humu ndani hamna hata kisu kinachokata."

"Sasa mbona habanduki kwako?"

Solfrid alikunywa kwanza. "Siku ile ya kwanza nilimwambia, baba, mimi mambo ya ndege siyajui na asubuhi siamki, niwekee wewe mbegu. Basi tangu siku hiyo anakuja kazini. Nikichelewa kufungua mlango ananigombeza. Kwako anafanya nini?"

Gudveig alitupa ngozi ndooni. "Anapumzika."

"Tangu mama afe?"

Gudveig aliendelea kuchimbua. Angalau kama Solfrid angekuwa amekusudia wema, angevumilia. Lakini Solfrid alikuwa mvivu tu, toka utotoni, na uvivu wake ulikuwa umemfaa baba kuliko mapenzi ya mtu mwingine yote.

Alirudi nyumbani na ndoo ya ngozi, akaiweka mbele ya kiti cha baba.

"Si mganda wako, baba. Ni hizi. Nilizitupa mimi kwa Solfrid, ili paka aje."

Baba aliinama akachungulia ndani ya ndoo, akaikunja pua. "Kwa nini?"

"Ili ukae hapa."

Ndevu za mzee zikaanza kutikisika, na Gudveig akadhani analia. "Themanini na nane," alisema Embrik alipopata pumzi, "na bado wanawake wananigombania kwa samaki. Mama yako hakuwahi kunionea wivu hata siku moja, na mimi nilikuwa nikingojea." Akapangusa macho, akanyanyuka. "Lakini mganda hausikilizi sababu, mwanangu. Wakija kabla ya giza, wamekuja. Wasipokuja, ndiyo basi. Kofia yangu iko wapi?"

Njia ilikuwa barafu tupu. Gudveig alimfungulia mlango, na mikono yake akaifunga kwenye aproni isije ikamshika baba kwapani. Akamtazama akivuka peke yake, polepole, mpaka mlango wa Solfrid ukamfungukia.

Huko Toten mwezi wa Desemba mchana ni mfupi, na mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa samawati ndege walipotokea. Wale wenye vifua vyekundu, kundi zima, ambao majira yote ya baridi hawakukanyaga kwa Gudveig. Walizunguka juu ya mti wa Solfrid, wakausikia bado unanuka paka, wakageuka. Wakatua kwenye mganda wa Gudveig. Wakaujaza mpaka utepe ukapotea, na shomoro wakafuata, na wale wadogo wa njano. Ulikuwa mganda wa neema kama vile wanavyouchora kwenye kadi.

Ng'ambo, nyuma ya kioo cha Solfrid, uso wa baba ulikuwa umeuelekea mganda wake uliopinda, mtupu.

Gudveig alitoka na mwiko, kwa viatu vya ndani, akaupiga ule mlingoti mrefu kwa nguvu zake zote. "Tokeni hapa. Nendeni kwa Solfrid, wachoyo wakubwa nyie." Wakaruka, wakarudi. Akapiga tena. Mwisho aliung'oa mlingoti wenyewe, akaukokota na mganda wake wa utepe mpaka ghalani, akaufungia. Karanga akazimwaga kwenye ndoo, na kibanda cha paa la shaba akakifunika kwa aproni yake.

Ndege walikaa juu ya paa wakinung'unika. Mmoja akashuka kwa Solfrid, akaruka, akashuka tena. Kisha wa pili. Kisha mganda uliopinda ukaanza kuyumba kwa uzito wao, na baba akainuka kitini, akampiga Solfrid begani, akamwonyesha kwa kidole, anacheka mdomo wazi.

Upande wa Gudveig hakutazama hata mara moja. Wivu ulimpanda palepale, mkali kama ule wa kila asubuhi, naye akasimama nao kwenye theluji, viatu vimelowa, akiwaombea ndege wazidi kuja.