Wudhu wa Bi Sikuzani

...na hata kabla hajatia nia Sephora ameshamimina, maji ya birika yanashuka kwenye mkono wa kulia, mkono ambao tangu kiharusi umelala mapajani kama wa mtu mwingine, "lete mukono, Koko," anasema binti huyu wa Uvira aliyeajiriwa kumtunza, Koko kwao ni bibi, lakini hangoji kuletewa, anaunyanyua mwenyewe, anausugua mpaka kwenye kiwiko, ana mikono laini, hana ubaya wowote, na Bi Sikuzani anaangalia vile vidole viwili vilivyomshika chini ya kifundo, anakujua kushikwa huko, anakujua... ndivyo alivyowashika wanawake wa Ngagara alipoitwa kuwaosha kabla ya sanda, mama yake Yasmina, mke wa Khaled fundi, shangazi yake mwenyewe, vidole chini ya kifundo ili kiganja kisianguke, akiwaambia kwa upole "nisaidie, mama," na hakuna aliyewahi kumsaidia... mwanzoni alifunga vifungo vya gauni mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, chai ikapoa hajafika cha tatu, Sephora akamwonea huruma, akavifunga yeye, kisha kitana, kisha kijiko, na kila alichopokonywa kwa huruma vidole vilikisahau... barazani Khadidja, bintiye, anaongea na nduguye kwa simu, "apana, Idi, peke yake hawezi tena, ntamupeleka kwangu Mutakura, nyumba tupangishe... we usiogope, atakubali, siku hizi mama hasumbue," na Sephora anacheka, "umesikia, Koko, wanakusifu"... hasumbui, kweli, wale aliowaosha nao hawakumsumbua, aliwageuza ubavu huu na ule, wakatolewa kwenye nyumba walizozijenga tofali kwa tofali wasiseme neno, kumbe huanzia hapa, kwenye sifa, bado unapumua na watu wameshakushukuru kwa kutulia... basi atasumbua, atamwaga uji, atang'ang'ania kijiko, atatukana hata, Mungu amsamehe, wamwite kichaa wakitaka, lakini watajua nyumba hii ina mwenyewe, na mkono bado uko kiganjani mwa Sephora, maji bado yanashuka, naye analitafuta neno moja tu la kukataa nyuma ya ulimi uliopooza nusu, a... apa..., "unasema nini, Koko?", a... a..., mate yanamtiririka kidevuni, na kitambaa cha Sephora kinapokuja kuyafuta anageuza uso.