Kijiwe cha Mwongo wa Kumi na Nane

Bi Mwanamkasi wa Mkokotoni alikuwa na chungu ambacho hakikupata kupikiwa kitu. Ndani yake mlikuwa na vijiwe tu. Kila alfajiri, akishasali, alitia kimoja, na kila Siku ya Mwaka, ile Nairuzi ya wenyewe, alivimwaga akaanza upya. Vijiwe kumi ni mwongo mmoja. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, Msabah. Alipokufa, watu walikaa kumngoja mwanamme wa kuirithi. Bi Mwanamkasi akakisukuma chungu uvunguni mwa kitanda chake, na maneno yakaisha.

Sasa msidhani ni mchezo wa vitoto. Miezi ya mwandamo inazunguka. Ramadhani ya leo ya jua kali, baada ya miaka utaifunga na mvua. Samaki hawafuati hayo. Kusi likivuma bahari inachafuka na chewa wanakimbilia vilindini. Masika maji yanakuwa tope. Ni kaskazi tu, bahari ikishatakata, ndipo wanapokusanyika kutaga kwenye mkondo baina ya Mkokotoni na Tumbatu, siku tatu kwa mwaka mzima. Wanakuja na mwezi mpevu wa kwanza, mwongo wa kumi na nane ukishatimia. Ukiwatupia mshipi kabla hawajatulia, wanatawanyika wote. Ukichelewa, wameshakwenda zao. Na chewa hao, wakitiwa chumvi na kuanikwa, ndio kitoweo cha kijiji kizima wakati wa mvua. Hapana chengine.

Mwaka ule, katika hamsini na kitu, mwezi ulipevuka siku ambayo vijiwe vilikuwa mia na sabini na tisa. Kilipungua kimoja.

Jaku, mkubwa wa wavuvi na mdogo wake marehemu Msabah, alikuja asubuhi na mapema, na nyuma yake nusu ya wavuvi. "Shemegi, twende au tusende?"

"Bado. Mwongo haujatimia. Ngojeni mwezi ujao."

"Kwa kijiwe kimoja?"

"Kimoja ni kimoja."

"Mie nna kalenda nimeinunua Darajani, iko ukutani, haipungui hata siku, nayo inasema mwongo umetimia leo."

"Basi kaiulize hiyo kalenda yako chewa wako wapi." Watu wakacheka, Jaku akaondoka na wenzake, na Bi Mwanamkasi akarudi ndani kunywa chai yake.

Akakiweka kikombe chini, akaanza kuzihesabu siku. Mwezi uliopita alikwenda mjini, Mpendae, kwa binti yake Shemsa aliyejifungua. Alikaa siku saba, na aliporudi alitia vijiwe saba. Hapo hana shaka. Lakini ile alfajiri ya kuondoka? Mjumbe alibisha hodi kabla ya sala na habari ya mtoto aliyezaliwa usiku ule, gari inangoja barabarani, kanga moja kichwani na nyengine mkononi. Je, alitia kijiwe, au hakutia? Alikumbuka vizuri mkono wake ukiingia chunguni. Ila mkono huo umeingia chunguni kila siku kwa miaka kumi na moja. Ataujuaje ulikuwa wa siku gani?

Akaogopa, na haya nayasema kama yalivyo. Aliogopa kukosea, na aliogopa zaidi kuambiwa kakosea. Lakini alipowafikiria watoto wa kijiji wakila muhogo mkavu masika nzima kwa sababu ya ubishi wake, alisimama, akafunga kijiwe kimoja kwenye pindo la kanga, akateremka pwani.

"Jaku, nipeleke mkondoni."

Wanawake hawakuwa wakienda mkondoni. Jaku akauliza, "Kufanya nini?"

"Kutazama. Sitogusa kitu."

Wakaenda kwa ngalawa, wao na Mmanga, mtoto wa Jaku, mtu mzima na ndevu zake, ndiye aliyeshika pondo la kusukumia. Walipofika maji yalikuwa yamesimama, hayajai wala hayatoki. Juu ya maji jua linawaka, unaona mng'aro tu. "Unaona?" alisema Jaku. "Ndo maana tunakutegemea wewe. Huku hakuonekani kitu."

Bi Mwanamkasi alijifunika kanga ya juu gubigubi, akainama ukingoni mpaka pindo zikagusa maji pande zote, kama mtu mwenye mafua anavyojifukiza. Ndani ya kanga mkawa giza. Chini yake bahari ikafunguka.

Kwanza aliona mchanga. Halafu mawe, mawe mengi, yamepangana. Halafu mawe yakapumua.

Walikuwa chewa. Mamia, ubavu kwa ubavu, wa hudhurungi wenye madoa, matumbo yamejaa, wote wameelekea upande mmoja, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Walikwenda hivyo mpaka pale jicho linaposhindwa. Tangu utotoni alikuwa akiwapasua, akiwatia chumvi, akiwala, na siku zote alidhani anawajua. Subhanallah. Machozi yalimtoka yakaingia baharini, naye hakuyafuta.

"Shemegi, wapo?" Jaku akamwinamia. "Shemegi, unaumwa?"

Aliinua kichwa. "Wapo. Siku ile ya kwenda Mpendae kijiwe sikutia. Nimekosa mie."

Akamvulia ile kanga. Jaku, aliyevua pale miaka thalathini akiwapandisha mmoja mmoja, alijifunika akainama. Alikaa muda mrefu hata Mmanga akaingia wasiwasi. Alipotoka uso ulikuwa umerowa, na kalenda yake hakuitaja tena.

"Shemegi," alisema kwa sauti ndogo, "hawa nani kawahesabia?"

"Sijui. Ukijua uniambie, na mie nipumzike."

Wakarudi taratibu, pondo haligusi mwamba, wasije wakawashtua. Adhuhuri wavuvi wote walikuwa mkondoni. Siku tatu zile pwani ya Mkokotoni ilinuka chumvi na samaki, na ukuta wa nani haukuanikwa chewa?

Lakini siku ya kwanza, kabla hajashika kisu, Bi Mwanamkasi alikitoa chungu uvunguni akakiweka uwanjani, mbele ya wanawake na wavuvi. Akafungua pindo la kanga, akatoa kijiwe.

"Hiki cha siku aliyozaliwa mjukuu wangu," alisema, na Jaku akamsogezea chungu karibu, naye akakitia.