Kitabu cha Aliyezaa Jana

Nuru ya asubuhi huku Kibokoni haina haraka. Hugusa kwanza paa la msikiti, ikashuka ukuta wa jirani, ikayapitia madirisha ya watu wote kana kwamba yawaamkia, ndipo ikafika mezani kwangu. Kwa nuru hiyo nilianza kuandika, Joy, na nikaandika kama inavyokuja.

Wewe ndiye uliyenitia hamu. Ulikuwa umekaa jikoni kwangu, tumbo likikutangulia kila mlango, ukaniambia mamako alikufia ungali mdogo huko Kaloleni, na hujui nani atakukalia ukizaa. Nikakwambia, nitakukalia mimi. Sisi huku mzazi haachwi peke yake siku zake arobaini: hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, hufunzwa mtoto wake. Nikakwambia, na kitabu nitakiandika, ili asiye na mama apate pa kushika.

Fahmi wa duka la vitabu Ndia Kuu akakubali kukichapisha. Aliponiona na furushi la karatasi zangu alicheka kwa adabu, akanivutia kiti, akaniuliza kitabu ni cha nani. Nikamwambia, cha watu wote. Akaniuliza kinamwondolea mtu shida gani. Nikamwambia, zote.

"Bi Mwanakuu," akasema, "cha watu wote watu hukisifu, kisha wakakirudisha mezani. Niandikie chembamba, kiingie mkobani. Mtu mmoja, shida moja."

Akanibebea furushi mpaka nje. Nami njiani nikajisemea, mtoto wa juzi huyu, hajui adabu.

Kwani mtu huingiaje kwa watu bila hodi? Huanzaje shauri bila kuuliza hali, na hali ya wazee, na hali ya waliosafiri? Basi kitabu changu kilianza kwa shukrani. Zikafuata salamu. Nikamtaja mama yangu aliyenifunza kukanda, na mama yake aliyemfunza yeye, na nyumba zao, na nani alimwoa nani. Kukanda kwenyewe kulikuwamo, mwanangu. Kulikuwa chini, chini kabisa.

Ikaja habari kwamba dada yangu amefariki Lamu. Nikasafiri kwenda kuzika, nikakuachia furushi. Nikakwambia, soma, yote yamo.

Ukajifungua kabla sijarudi. Karisa wako akakutoa hospitali, akakulaza, akarudi kwenye tuktuk yake. Na ziwa lako kifuani likajaa, likawa gumu, likang'aa. Mtoto akishika ateleza, akishika ateleza. Ukazitwaa karatasi zangu. Ukasoma salamu, na mtoto analia. Ukasoma nyumba ya babu zangu, na mtoto analia. Ukasoma harusi ya shangazi yangu, vyakula na vyombo na waliokasirika, na mtoto bado analia.

Nilipofika nilikukuta una homa, macho yameingia ndani. Karatasi umezifunga katika leso mpya zisidondokewe na maziwa. Hukunilaumu. Wewe mgonjwa, mimi mzima, ukanisogezea mto niegemee, ukanipa pole ya dada yangu. Ndipo nikakuuliza kama ulisoma.

"Nilisoma, Bibi. Nimewajua wazee wako wote. Nilifika kwa yule mume wa shangazi aliyetumbukia kisimani, nikashindwa kuendelea."

Ukacheka kidogo, na machozi yakakuteremka.

Tukampigia Karisa simu, akatupeleka hospitali, ukapewa dawa. Tuliporudi nikachemsha maji. Kitambaa cha moto, nikakamua, nikaweka. Mkono wangu taratibu, kutoka kwapani kuja mbele, taratibu. Nikakuonyesha kukamua kidogo kwa vidole mpaka pale mbele pakalainika. Nikamwelekeza mtoto, kinywa wazi, ashike pakubwa. Akateleza. Tukangoja. Akashika.

Ewe mlio mdogo wa kumeza, nani alikufunza kumtuliza mtu mzima namna hii?

Mlipopata usingizi, wewe na mwanao, nikatafuta kalamu. Mama yangu, niwie radhi. Bibi yangu, niwie radhi. Majina yenu safari hii sikuyataja mlangoni, na niliyapenda kuliko maneno yote ya kitabu kile. Lakini mkono huu ni wenu. Atakayepoa atakuwa amewajua, hata kama hajui mliitwa nani.

Nikaandika hivi: "Ziwa limejaa, limekuwa gumu, mtoto hashiki. Usiogope. Ukiwa na homa, usisome zaidi, nenda hospitali kwanza. Kama huna, kaa kitako, uletewe maji ya moto na kitambaa safi."

Hakuna salamu. Niliona haya, nikataka kufuta. Kisha nikakumbuka jinsi majirani wanavyokuja wakisikia mtoto analia hatulii: huingia tu, viatu mlangoni, mikono mbele. Hakuna aliyewahi kuwaona hawana adabu.

Kesho yake akaja Mbeyu, dada yake Karisa, kuku mkononi na mimba yake mwenyewe imeanza kuonekana. Aliukuta ukurasa kitandani kwako. Aliusoma amesimama, kuku bado kamshika, kichwa chini. Alipomaliza akarudi juu, akausoma tena.

"Bibi, hiki chauzwa wapi?"

Nikamwambia bado si kitabu, ni ukurasa mmoja.

"Basi niuzie huo. Kurasa zilizobaki nitazirudia."

"Nunua upesi, wifi," ukamwambia, mtoto kifuani, "kabla hajamkumbuka shangazi yake."

Tukacheka mpaka kuku akaponyoka, akapita chini ya kitanda. Nilimwambia Mbeyu auchukue bure, lakini kwanza aniambie ni nini kinachomtia hofu kuliko vyote, akiwaza siku yake. Akajibu kwa sauti ya chini, akilitazama tumbo lake.

Ilikuwa saa sita. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichochoro chetu, na nuru ikashuka wima kati ya kuta, haikupitia kwa mtu, ikatua mapajani pangu nilipokaa kizingitini. Nikaweka karatasi hapo hapo palipowaka, nikaanza na hofu ya Mbeyu.