Aliyegusa Mwisho

Uzi wa kwanza ulitoka kwenye kidole cha shahada cha binti Jumamosi mchana, mama yake akiwa amepiga magoti anampimia upindo wa sare ya uuguzi. Mama alikuwa na pini mdomoni. Alidhani ni uzi wake mwenyewe umenasa chini ya ukucha wa mtoto. Akauvuta aukate kwa mkono kama alivyozoea, haukukatika.

"Polepole mama, huo wangu," binti alisema.

Wakautazama ukipita juu ya kompyuta, ukatoka dirishani, ukashika njia.

"Simama wima," mama alisema alipotoa pini. "Kushoto bado ndefu."

Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu.

Binti alikuwa pia na kazi ya kujitolea, ambayo mama hakuitilia shaka kwa sababu ilifanyikia sebuleni. Wazazi wengi hupumua mtoto akiwa sebuleni. Kuna kundi la watu, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanaotengeneza mfumo wa kompyuta na kuugawa bure. Ndani ya mfumo huo mna programu ndogondogo. Kila moja wanaiita kifurushi, na kila kifurushi kinatakiwa kiwe na mtu wa kukirekebisha kikikorofisha. Mtu huyo wanamwita mlezi. Mama alilipenda hilo neno.

Aliyemwingiza binti humo ni kijana wa mtaa wa pili. Alimwita kila mtu swahiba, mpaka na yeye akaitwa Swahiba. Alikuwa akila kwa mama, na akimaliza alirudisha sahani jikoni mwenyewe. Mwezi uliopita alimwambia binti, "Swahiba, wewe una jicho. Pitia vile vifurushi vya zamani, rekebisha makosa ya maandishi tu. Herufi hapa, nukta pale." Binti akavipitia vyote. Alifurahi kuombwa.

Ijumaa, siku moja kabla ya uzi, Swahiba alipeleka hoja kwenye kundi. Vifurushi vingi havina mlezi anayejulikana, alisema, na hiyo ni aibu. Kuanzia leo, aliyegusa kifurushi mwisho ndiye mlezi wake. Asiyejibu amekubali. Binti alikuwa hospitali, anapimwa afya kwa ajili ya chuo. Hakujibu.

Jumapili vidole vyote vilikuwa na nyuzi, vingine mashada. Kila uzi ulikwenda kwa watu wanaokitumia kifurushi chake. Kikiwakorofisha, wanavuta, na kidole cha binti kinakimbilia kibodi. Wachache walivuta kwa adabu. Waliobaki walivuta kama wanamtoa mbuzi shambani kwa watu, na kumwandikia, "Mlezi gani wewe? Umelala?"

Jirani alibisha hodi na beseni la nguo mbichi.

"Hizi kamba za nani?"

"Za binti yangu."

"Zinabeba shuka?"

"Hazikatiki."

"Basi naanika. Jua likizama nitaanua, nisije nikamsumbua mtoto."

Mama alijaribu mkasi, wembe, kisha mshumaa. Nyuzi zilibaki palepale, nene zaidi. Jumatatu binti alivaa sare, akafika kizingitini, nyuzi zikamrudisha kitini. Mama akamlisha kwa mkono, kama alipokuwa hajaota meno.

Wakati wa kumlisha aliona uzi mmoja hauendi mbali. Ulikata kona dukani. Akaufuata ameushika kwa vidole viwili, mpaka dirishani kwa Swahiba. Swahiba alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Vidole vyake vilikuwa vitupu.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa."

"Marahaba. Mwanangu ameshindwa kwenda chuo."

"Nimesikia, pole sana. Lakini anajitahidi! Jana kimoja kilinigomea, nikavuta kidogo tu, kikapona hapohapo."

"Vilikuwa vya nani kabla yake?"

Swahiba aligeuza shati upande wa kola. "Vingi vyangu. Mama, nimepata kazi ya mshahara, naanza kesho. Ningeviacha hivihivi bila mtu, ungenionaje?"

"Si ungemwomba."

"Angekataa," Swahiba alisema, akachomoa pasi. "Nikuletee maji?"

Mama hakunywa. Alirudi akamkuta binti amelala kwa kuketi, vidole vinaendelea kuandika vyenyewe. Mama aliishia darasa la pili, lakini jina la mwanawe alilijua kulisoma. Lilikuwa pale kwenye skrini, mbele ya neno mlezi. Akalifuta. Akatafuta herufi moja moja, akaandika mahali pake: HAPNA. Uzi mmoja ukadondoka kutoka kwenye kidole cha binti. Mama akahisi kuwasha chini ya ukucha wake.

Akaukagua. Ulikuwa uzi mzuri. Akafungua kifurushi cha pili, akafuta, akaandika HAPNA. Akaendelea hivyo mpaka mikono ya mtoto ikatulia mapajani.

Kesho yake Swahiba alilitangazia kundi, kabla hajaenda kazini, kwamba sasa kila kifurushi kina mlezi anayejulikana. Watu walipongezana. Wengi waliandika, "Karibu sana, Hapna." Mmoja aliuliza Hapna ana uzoefu gani. Swahiba akajibu kwamba ni mtu wa kuaminika.

Vifurushi viliendelea kuharibika. Watu walivuta, na mama, ambaye hakujua kurekebisha hata kimoja, alikuwa akivutwa.

Chuo kilimpokea binti Alhamisi, kwa kuchelewa. Alivaa sare, upindo uko sawa pande zote. Aliinama kumuaga mama kitini, macho yake yakapita kwenye skrini.

"Mama, umeruka herufi. Ukiweka A hapo watu wataelewa unachosema. Ni herufi moja tu."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

"Usiguse," mama alisema. "Nenda, utachelewa."